Nyumba kuukuu ya pwani: rangi iwe ya mwisho

Dalali alifungua mlango, akapita moja kwa moja hadi dirishani ili anioneshe bahari. Ndiyo kazi yake. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ukuta wa chini ya dirisha. Kuta zote za nyumba zilikuwa zimepauka, isipokuwa huo mmoja uliong'aa kwa rangi ya juzijuzi. Nikaukwaruza kwa ufunguo. Rangi ikabanduka kama gamba, na nyuma yake ukamwagika unga mweupe. Nikauonja. Chumvi tupu.

Niliinunua hata hivyo, na sijuti. Ila tangu siku hiyo nina msimamo ambao umenigombanisha na mafundi wawili na ndugu mmoja: anayenunua nyumba ya zamani karibu na bahari, pesa yake ya kwanza iende kwenye maji, ya pili kwenye chuma. Vigae, jiko jipya na taa za mapambo vingoje.

Maji hupanda ukutani kutoka ardhini kama mafuta yanavyopanda utambi, mara nyingi hadi kimo cha kama mita 1. Yakifika juu hukauka, chumvi ikabaki. Chumvi hiyo hugeuka fuwele ndani ya vitundu vya lipu, na fuwele zikikua huisukuma lipu mpaka ikapukutika. Tena chumvi hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo ukuta waweza kulowa hata siku ya jua kali. Kuupaka rangi ukuta wa namna hiyo ni kumpaka mgonjwa poda.

Kosa langu kubwa lilikuwa chumba cha nyuma. Fundi aliniambia tubandue lipu ya chokaa, tupige ya saruji, "iwe ngumu, umalizane nayo." Nikakubali. Miezi michache baadaye saruji ilikuwa imara kweli, lakini doa la unyevu lilikuwa limetokeza juu zaidi ya ilipoishia, mahali ambapo zamani palikuwa pakavu kabisa. Chokaa hupitisha mvuke. Saruji huziba, na maji yakikosa pa kutokea hutafuta njia juu zaidi. Tuliibandua yote. Chokaa, ni kweli, ina adabu zake: hugandishwa na kaboni dioksaidi inayoivuta hewani, na kila tabaka linataka kupewa muda. Fundi anayelipwa kwa kazi, si kwa siku, hawezi kuipenda.

Chuma nacho. Kutu huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, ndiyo maana nondo iliyofikiwa na chumvi hupasua zege kutoka ndani. Tazama linta, yaani mihimili ya zege juu ya madirisha, na upande wa chini wa varanda. Ukiona ufa ulionyooka wenye doa la kahawia, huo unafuata nondo. Kuuziba kwa saruji ni bure. Zege lichongwe hadi nyuma ya nondo, kutu isuguliwe yote, na nondo iliyolika sana iongezewe nyingine. Kwenye bawaba na skrubu ulizia chuma cha pua cha daraja 316, chenye molibdeni, metali inayokisaidia kustahimili chumvi. Kile cha 304 kikipigwa na upepo wa bahari huota madoadoa.

Mbao za paa nilizipima kwa bisibisi: ikizama bila kusukumwa, mchwa wameshatangulia.

Hati usiisome mezani tu. Nenda nayo hadi kwenye mipaka, kwani ramani ya zamani inaonesha ufuo ulipokuwa, na wastani wa kina cha bahari duniani ulipanda kwa kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Nchi nyingi pia huzuia ujenzi mpya karibu na maji. Nyumba yaweza kuachwa ilivyo, lakini chumba ulichopanga kuongeza kikakataliwa.

Jingine linalofanya watu wanione mkaidi: nilikaa msimu mzima wa mvua bila kugusa kitu zaidi ya paa na mifereji yake. Kila doa lilipotokea nilichora mpaka wake kwa chaki na kuandika tarehe. Ukuta wa chini ya dirisha ulikuwa na mistari minne, mmoja juu ya mwingine. Mwaka huu, baada ya kutengeneza mfereji na kurudisha chokaa, doa halijaufikia hata mstari wa chini. Rangi bado sijapaka.