Kabla ya posho na mkataba, tuangalie nani anaingia chuo cha udaktari

Mjadala wa madaktari kutokaa vijijini huwa unaishia palepale. Kundi moja linasema waongezwe hela, jingine linasema wafungwe na mkataba maana wamesomeshwa kwa kodi za watu, na katikati hapo akitokea mtu akasema jamani tuanzie kwenye udahili, tuchukue vijana wengi zaidi waliokulia vijijini hata kama alama zao zimepungua kidogo, basi keshaharibu, anaambiwa anataka wanakijiji watibiwe na vilaza. Mi naona hoja hiyo inazimwa kabla haijasikilizwa. Wanaoipinga wana mambo ya maana pia, nitayafikia.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa 2010 kuhusu wahudumu wa afya vijijini lilisema karibu nusu ya watu duniani wanaishi vijijini, lakini huko wapo chini ya robo ya madaktari wote na asilimia 38 ya wauguzi. Watu wengi wanashtuka na hiyo robo. Mi nashtuka zaidi na tofauti kati ya robo na 38. Manake kijiji ni kilekile, barabara ni ileile mbovu, umeme unakatika kwa wote, na muuguzi halipwi kumzidi daktari, sasa kwa nini muuguzi anapatikana zaidi? Sababu ziko nyingi, ila moja siwezi kuiruka: vyuo vya uuguzi vingi viko miji midogo na vinachukua watoto wa maeneo hayohayo, wakati chuo cha udaktari kiko mji mkubwa na kinachukua waliosoma shule za mji mkubwa. Halafu tunashangaa daktari anabaki mjini. Alitoka huko, kasomea huko, kaoa huko, kwao ni huko!

Mkataba sitaki kuudharau. Mexico wamekuwa na utumishi wa lazima kwa wanaomaliza udaktari tangu 1936, Afrika Kusini walianza mwaka mmoja wa lazima kwa madaktari 1998, na mtu aliyempeleka hospitali mama mwenye uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama hatoki, akamkuta daktari wa zamu, hajali huyo daktari kaja kwa hiari au kwa lazima. Tatizo ni kwamba anayepelekwa ndo mchanga kuliko wote, anawekwa sehemu ngumu kuliko zote, bila mkubwa wa kumuuliza pale pembeni, na mkataba ukiisha begi lilishafungwa wiki mbili kabla. Mgonjwa wa kisukari anaanza upya kusimulia historia yake kwa sura mpya kila mwaka. Kituo kina daktari, ndio, ila wagonjwa hawana daktari wao, na magonjwa haya ya kudumu yanahitaji mtu anayekujua.

Hela nayo inasaidia, hasa ikija na nyumba nzuri, ila kwa daktari posho haimtafutii mwenza wake kazi, haimfundishii watoto, na haimpi mwenzake wa kupokezana zamu usiku. Anayepigiwa simu kila usiku peke yake atachoka hata umlipe mara mbili.

Sasa turudi kwenye udahili. Pale Philadelphia, Marekani, chuo cha udaktari cha Jefferson kilianzisha mpango mwaka 1974, wanatafuta waombaji waliokulia au kuishi vijijini na wanaosema wazi wanataka kurudi kufanya udaktari wa familia huko. Msaada wa fedha wa ziada wanaopata ni mdogo, karibu wote ni mikopo ya kurudisha, na hakuna utaratibu wa kumbana asiporudi. Utafiti uliotoka 2005 ukawafuatilia wale waliokuwa wameshakaa vijijini, ukaangalia baada ya miaka 11 hadi 16 nani bado yuko palepale: wa mpango ule asilimia 68, wenzao wa chuo hichohicho ambao hawakupitia mpango asilimia 46.

Hizi namba zinanisumbua kwa sababu mbili zinazovutana. Kwanza ni watu wachache mno, waliobaki ni 26 kati ya 38 wa mpango na 25 kati ya 54 wa wale wengine, hapo ukihamisha watu watano tu picha inabadilika, kwa hiyo anayezisimamisha kama sheria ya dunia anajidanganya. Na hao 12 walioondoka nao walikuwa watoto wa vijijini, walichaguliwa vizuri, na bado waliondoka au wakabadilisha kazi. Lakini pili, angalia kinacholinganishwa. Hawa si madaktari wa kijijini dhidi ya madaktari wa mjini, wote walikuwa wameshaenda kijijini. Yaani kufika walifika wote, tofauti ikatokea kwenye kubaki, zaidi ya miaka 10 baadaye, bila mkataba na bila posho ya pekee. Ni sera gani ya mshahara inayofanya kazi miaka 11 baada ya mtu kuanza kazi? Hela unailipa kila mwezi, ukiacha tu kuilipa imekwisha. Uchaguzi wa siku moja ya usaili unaendelea kukulipa mpaka mtu anazeeka.

Mpinzani atasema hao walikuwa wanataka kwenda tangu mwanzo, mpango haujawabadilisha. Sawa kabisa, na mi nasema ndo raha yake. Lengo halikuwa kubadilisha tabia ya mtu, lengo lilikuwa kumtafuta ambaye tayari anataka, ambaye kwa mtindo wa kuangalia alama peke yake angeachwa nje na nafasi yake akapewa mwenye pointi mbili zaidi asiyetaka hata kusikia habari za kijiji.

Hoja ya vilaza ndo inanikera zaidi. Alama za kuingilia si alama za kutokea. Mtihani wa mwisho na wa leseni unabaki uleule kwa wote, asiyeweza afeli. Halafu aliyepata alama nzuri kwenye shule isiyo na maabara, mwalimu wa kemia anakuja muhula huu muhula ujao hayupo, huyo unamlinganishaje na aliyekuwa na tyusheni kila jioni? Japani wana chuo cha Jichi, kilichoanzishwa 1972 hasa kwa ajili ya maeneo yasiyo na madaktari, kila mkoa kati ya mikoa 47 unapeleka vijana wake wachache, ada inasamehewa ukitumikia mkoa wako miaka 9. Chuo hicho kimekuwa kileleni kwenye ufaulu wa mtihani wa taifa wa leseni ya udaktari kwa miaka kadhaa. Haki itendeke, Jichi wanachagua kwa mkoa, si kwa kushusha alama, na miaka 9 ni mkataba kweli, kwa hiyo hakithibitishi hoja yangu yote. Ila kinaonyesha kwamba chuo kilichojengwa kwa ajili ya vijijini si lazima kiwe chuo cha daraja la pili.

Ufilipino walienda mbali zaidi. Kwenye kisiwa cha Leyte kuna shule ya sayansi za afya iliyoanza 1976 ambako jamii yenyewe inampendekeza kijana, anaanza na ukunga, anarudi kuhudumia, jamii ikiridhika anaendelea na uuguzi, mpaka udaktari. Asiyefika juu anabaki mkunga au muuguzi kamili, kijiji hakijapoteza. Na Kanada walipofungua chuo cha udaktari cha kaskazini mwa Ontario mwaka 2005, kampasi waliziweka Sudbury na Thunder Bay, ili mwanafunzi afundishwe kulekule anakotarajiwa kufanya kazi.

Pingamizi moja kwenye haya yote sina jibu lake jepesi, na nashangaa halisemwi sana. Ukisema mtoto wa kijijini ndo atahudumia kijiji, wa mjini umemsamehe. Huyu wa kwanza kwa familia nzima kuvaa koti jeupe unamwambia hospitali kubwa zenye vifaa na majina si za kwako, na ubingwa wa moyo waachie wenzako? Hiyo si haki, na ikifanywa vibaya mgao wa udahili unageuka kuwa ukuta. Kwa hiyo mi nauunga mkono kwa sharti: asifungwe zaidi ya mwenzake aliyesomeshwa kwa hela hizohizo, na mafunzo ya ubingwa, hata kama ni miaka michache ya kwanza tu, yaletwe kwenye hospitali za wilaya zenye bingwa wa kumsimamia, ili anayetaka kupanda asilazimike kuhama kwanza. Serikali ikitaka vijana wa vijijini bila kuwapa nafasi hizo, hapo mi nitasimama na wanaopinga.