Babu Alifagia Mlango wa Kilindini

Juzi mtoto wa dada yangu alirudi shuleni na daftari la historia, ukurasa mzima umekatwa kwa wino mwekundu. Waliambiwa waandike juu ya mtu wa ukoo wao aliyekuwapo wakati wa Vita vya Pili. Yeye akaandika kwamba babu yetu alikuwa mwanamaji Kilindini, bandari ya Mombasa. Pembeni mwalimu ameandika: "Si kweli. Jeshi la wanamaji la Kenya lilianza 1964."

"Mjomba, kwani babu alikuwa akitudanganya?"

Swali hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Mwaka 1964 ni sahihi kwa jeshi la nchi huru, sina ugomvi nao. Lakini kikosi cha akiba cha wanamaji wa kujitolea cha koloni la Kenya kiliundwa Mombasa 1933, na Tanganyika na Zanzibar nako kukawa na vyao. Maafisa walikuwa Wazungu. Wavuta kamba, wachochea makaa, washika usukani wengi walikuwa watu wetu wa pwani, na babu alikuwa mmoja wao. Mvuvi wa Likoni. Siku za mazoezi alifundishwa bendera, mafundo na bunduki, kesho yake yuko kwenye ngalawa yake anatega changu. Septemba 1939 Uingereza ilipotangaza vita, akiba wakaitwa. Bibi alikuwa akisema ngalawa ile ilikaa imepinduliwa chini ya mkwaju mpaka mchwa wakaimaliza.

Watu wakisikia vita wanataka kusikia Burma. Ukisema mzee wako hakuvuka bahari, hakupiga risasi, wanakutazama kama unayewapotezea wakati. Hapo ndipo ninapokataa, na nitakataa kwa nguvu zangu zote.

Kazi ya babu ilikuwa kufagia. Alfajiri, kabla meli kubwa hazijatoka, chombo chao kinapita kwenye mkondo kikiburura waya mzito uliotegwa wembe. Bomu la baharini limefungwa kwa mnyororo chini. Waya ukikuta mnyororo unaukata, bomu linaibuka, linapigwa kwa bunduki kwa mbali. Kesho tena. Kusi likivuma, tena. Waya ule hukatika nyuzi moja moja, nyuzi zikasimama kama miiba ya samaki. Viganja vya babu vilikuwa vimechanika na kupona mara nyingi hata ngozi ikawa na mistari isiyo yake, na kidole chake cha mwisho hakikukunja. Alipokula wali, punje zilimponyoka upande ule, na sisi watoto tukazidokoa kwenye mkeka.

Hata bomu moja hakuliona kwa miaka yote ile. Alitwambia hivyo mwenyewe, hakujiongezea.

Basi hakukuwa na hatari? Aprili 1942 ndege za Wajapani zilipiga Colombo na Trincomalee, bandari za Ceylon, Sri Lanka ya leo, na manowari kubwa za Uingereza, Warspite ikiwemo, zikarudi nyuma kuja kutia nanga hapa kwetu. Mei mwaka uleule, nyambizi ndogo ya Wajapani, ya watu wawili tu, iliingia bandari ya Diego Suarez, Madagascar, ikaipiga manowari Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Ndani ya bandari! Kuanzia hapo kila aliyekuwa zamu kwenye mlango wa Kilindini alijua kinachoweza kupita chini yake usiku.

Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Kilindini ikielekea Colombo na watu zaidi ya 1,500, wakiwemo vijana wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Wajapani ikaipiga. Ilizama kwa chini ya dakika mbili, wakafa karibu watu 1,300. Babu alikuwa ameifagilia njia meli ile ilipotoka. Katika miaka yote niliyokaa naye, hicho ndicho kisa alichokianza mara nyingi na asikimalize. Anafika pale vijana wanapowapungia mkono kutoka juu, kisha anaomba maji ya kunywa.

Askari wale wana ukumbusho kwenye makaburi ya vita Nairobi, na ni haki yao. Mwanamaji wa akiba aliyerudi nyumbani mzima hana ukuta wenye jina lake. Kikosi chao kiligeuzwa kuwa cha Afrika Mashariki nzima baada ya vita, kikavunjwa 1962, na wengi wakarudi kwenye nyavu.

Najua wapo watakaosema alitumikia bendera ya mkoloni. Ndiyo, aliitumikia. Lakini mlango aliouchunga ni huuhuu tunaouvuka kwa feri kila asubuhi, na nyumba zilizokuwa nyuma yake zilikuwa za mama zetu.

Mpaka mwaka aliofariki alishuka ufukweni kabla ya jua, akasimama kuukabili mlango, mikono mgongoni. Ukimsalimu anaitikia bila kugeuka. Akiona kipande cha gogo kinaelea, hatoki pale mpaka kimepita.

Nimechukua kalamu, chini ya wino mwekundu nikaandika 1933, na jina la babu kamili. Mtoto akauliza kama alirudishe daftari shuleni likiwa hivyohivyo. Nikamwambia alirudishe.