Gesi ya baharini: tuulizeni kabla, si baada

Kila habari ya vitalu vipya vya mafuta na gesi, yaani maeneo yanayogawiwa kampuni kutafuta na kuchimba, inapotoka, watu hugawanyika upesi. Kuna wanaotaka tuchimbe hata kesho, na kuna wanaotaka bahari iachwe ilivyo. Mimi nimo katika kundi lisilosikika sana, ambalo naamini ndilo kubwa kuliko yote huku pwani ya kusini: watu wasioipinga gesi, ila wamechoka kupewa taarifa mambo yakiwa yameshaamuliwa.

Tukumbuke Mtwara. Mwishoni mwa 2012 watu waliandamana wakisema "gesi haitoki", yaani isipelekwe nje ya Mtwara. Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilipothibitisha kwamba bomba la kwenda Dar es Salaam litajengwa, mji ukawaka. Watu walipoteza maisha na jeshi likaingia mitaani. Wengi wakawaita watu wa Kusini wabinafsi, eti wanataka kuhodhi mali ya taifa. Hilo liliniuma na linaniuma hadi leo, kwa sababu halikuwa kweli. Walikuwa wameahidiwa viwanda na ajira, kisha wakasikia habari ya bomba kama wasikilizaji wengine wa redio. Walichokataa ni kurukwa.

Bomba lilijengwa, na kabla ya Bwawa la Nyerere kuanza kazi, zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulikuwa wa gesi. Nchi imefaidika, sikatai. Lakini Mtwara na Lindi zimewahi kukaa kwenye mgao wa umeme huku gesi ikitoka Msimbati, ndani ya mkoa huohuo wa Mtwara. Mwambie mama anayeuza samaki wa barafu, friji imezima na samaki wanamharibikia, kwamba gesi ni neema. Atakusikiliza kwa adabu tu.

Sasa vimeandaliwa vitalu 26 vya kunadiwa, 23 kati yake vikiwa baharini. Wanaotetea hatua hii husema shughuli zitakuwa mbali, kwenye kina ambacho mvuvi hafiki. Ni kweli kisima kama Zafarani kipo kwenye maji ya zaidi ya mita 2,500. Lakini kabla ya kisima kuna utafiti wa mitetemo, wa kupima kwa mawimbi ya sauti kilichopo chini ya sakafu ya bahari. Meli huburuta nyaya ndefu za kilomita kadhaa, na mashua za ulinzi hutangulia kuwataka wavuvi wapishe. Kwa nahodha aliyetega jarife usiku, amri hiyo maana yake ni kuondoka bila samaki au kuhatarisha nyavu. Nyavu zikikatwa, aende kwa nani? Kwa mwenyekiti wa kijiji? Halmashauri? Nimewauliza wavuvi kadhaa swali hilo na hakuna aliyekuwa na jibu.

Hofu ya kuvuja nayo tusiidharau. Gesi yetu ni kavu, haifanani na mafuta yaliyomwagika Ghuba ya Meksiko mwaka 2010, kisima kilipotapika kwa siku 87. Ila vitalu vipya vinatafutwa mafuta pia, na hakuna anayejua kitakachopatikana hadi kichimbwe.

Kinachonisumbua zaidi ni mikataba. Sheria ya mwaka 2015 ya uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji, yaani uchimbaji wa madini, mafuta na gesi, inataka mikataba iwekwe hadharani. Mwaka mmoja kabla yake, 2014, mjadala mkubwa wa Kitalu namba 2, kimojawapo cha vitalu vya gesi vya baharini, tuliufanya kwa sababu tu nyongeza ya mkataba wake ilivuja. Tutatoaje maoni juu ya biashara tusiyoyajua masharti yake?

Kwa hiyo nasema vitalu visinadiwe kwanza. Mikutano ifanyike Msimbati, Kilwa Kivinje na Songo Songo, kwa Kiswahili, wavuvi wakiwa na wataalamu wa kuwasomea ramani. Utaratibu wa fidia ya nyavu na siku za kazi zilizopotea uandikwe na ubandikwe kila diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Mkataba wa mradi wa LNG (gesi iliyogeuzwa kimiminika) wa Likong'o, Lindi, siku ukisainiwa, uchapishwe wote. Haya yakifanyika nitaunga mkono uchimbaji waziwazi, na najua wengi wataunga mkono. Tayari tumegundua zaidi ya futi za ujazo trilioni 57 za gesi, na sehemu kubwa kabisa bado iko chini ya bahari ikisubiri mradi huo wa Lindi. Sioni sababu yoyote ya kukimbilia vitalu vipya kabla ya hapo.