Stelingi Hafi, Lakini Picha Zake Ziko Wapi?

Shangazi yangu hasemi filamu, wala hasemi muvi. Kwake ni picha. Na akisema picha anakusudia ya Kihindi, ya zamani, stelingi ni Amitabh Bachchan au mtu wa rika lake, kuna ndugu wawili waliopoteana utotoni, mama mjane anayelia tangu mwanzo, nyimbo sita, na adui ambaye ukimwona tu masharubu yake unajua huyu hamalizi. Ijumaa moja baada ya Isha, tumeshakula, akanambia nimtilie moja anayoikumbuka tangu enzi za sinema ya Regal.

Nikafungua programu ya kwanza kati ya mbili za kutazamia picha kwenye intaneti ninazozilipia kila mwezi, nikaandika jina la picha. Haikunambia haina. Muuza duka wa Marikiti ukimuuliza iliki naye hana, atakwambia sina, jaribu kwa yule pale pembeni. Programu haina adabu hiyo. Ilinipangia safu ndefu ya picha eti zinazofanana na niliyoitaka: moja ya Mumbai ya juzijuzi imejaa bastola, moja ya Kikorea, na moja ya Kimarekani ambayo mpaka leo sijui ilifanana na nini. Programu ya pili nayo vivyo hivyo.

"Si ulinambia humo mna picha maelfu?" shangazi akauliza.

"Zimo, shangazi."

"Maelfu ya nini sasa, mwanangu?"

Barazani kwetu lawama ya kila siku ni kwamba picha za siku hizi ni mbovu. Hiyo siikubali. Picha mbovu zilikuwapo hata zamani, ila zimesahaulika kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kuzikumbuka. Na tuseme haki: programu hizi zimeniletea kazi za Korea, Uhispania, Uturuki na Nigeria ambazo miaka 20 iliyopita nisingezipata Mombasa hii hata kwa dawa. Squid Game ya Wakorea ilipotoka mwaka 2021, watoto wa mtaani walikuwa wakiicheza uwanjani kabla wazazi hawajajua ni kitu gani. Lawama yangu mimi ni ya aina nyingine. Hii rafu ni ndefu sana, lakini imeanza jana. Ukirudi nyuma kidogo tu, ukataka cha miaka ya sabini au ya themanini, unaokota kimoja hapa na kimoja pale, na vyote ni vile ambavyo kila mtu anavijua.

Mwanzo nilidhani ni uzembe. Kumbe ni hesabu.

Netflix, programu kubwa kati ya hizi, ilianzishwa Marekani mwaka 1997, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kukodisha DVD kwa njia ya posta. Sheria ya kule inamruhusu aliyenunua diski kihalali kuikodisha atakavyo, bila kurudi kwa mwenye picha kuomba ruhusa. Diski ikishanunuliwa imenunuliwa. Hata ikiwa ni picha ya mwaka 1950 inayotakwa na watu watatu kwa mwaka, haili wala hainywi, inakaa rafuni ikimngoja mtu wa nne. Maduka yetu ya kukodisha kanda za video nayo yalikwenda hivyo hivyo: mwenye duka alinunua kanda, akaikodisha mpaka ikaanza kukwaruza na mistari myeupe ikawa inapita juu ya uso wa stelingi. Mambo yakabadilika mwaka 2007, Netflix ilipoanza kupitisha picha kwenye intaneti. Huko hakuna kununua mara moja. Kila picha inataka mkataba na mwenye haki, mkataba wa muda maalumu, na kwa nchi maalumu. Ruhusa ya kuionyesha Uingereza si ruhusa ya kuionyesha Kenya. Muda ukiisha, picha inaondoka usiku kama mpangaji aliyeshindwa na kodi, na asubuhi hukuti hata alama. Zile DVD za posta zenyewe zilifungwa Septemba 2023.

Sasa ichukue picha ya shangazi uipitishe kwenye hesabu hiyo. Aliyeitengeneza huenda alishafariki, haki wamegawana warithi, nyimbo zina mwenyewe mwingine, na ukanda wenyewe unataka kusafishwa kwa pesa ndipo uonekane vizuri kwenye tivi kubwa. Yote hayo kwa ajili ya bibi mmoja wa Kibokoni na wenzake. Kampuni gani itahangaika? Upande wa pili, picha iliyotengenezwa kwa pesa za kampuni yenyewe haina kodi ya kulipwa kila mkataba ukiisha, kwa hiyo ndiyo inayowekwa mbele, kwa picha kubwa, kila unapofungua. Ndiyo maana ukikaa nayo usiku mzima unaona kama wanakutembeza chumba kimoja wakibadilisha mapazia.

Kuhusu ubora sina mengi. Kamera ni nzuri, sauti ni nzuri, waigizaji wapo. Kinachonichosha ni hadithi ya dakika 90 kuvutwa ikawa sehemu nane, na mtu kwenye picha kututangazia anachofanya wakati tunamwona anakifanya, kwa sababu wanajua nusu ya watazamaji wameinamia simu. Na giza! Sijui nani aliwaambia kwamba huzuni haina taa. Mimi tivi yangu iko karibu na dirisha, mchana naona kivuli changu tu.

Lakini jambo linaloniuma kuliko yote ni lugha. Menyu ya Netflix unaweza kuiweka kwa Kiswahili, na nilipoiweka mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Kisha ukiingia ndani, unakuta Kiswahili kimeishia mlangoni. Picha nyingi mno hazina sauti ya Kiswahili, hazina hata maandishi ya chini ya Kiswahili. Ya Kihindi ina maandishi ya Kiingereza, ya Kikorea ina ya Kiingereza, na shangazi Kiingereza hakisomi. Ukimuuliza zile za Regal zilikuwa na Kiswahili, atakwambia hazikuwa nacho, na yeye alielewa. Alielewa kwa sababu aliyekaa kiti cha mbele aliiona jana na alikuwa akihadithia kwa sauti, na kwa sababu watu walikuwa wanalia kwa pamoja, hata asiyejua kinachosemwa anajua kinachouma. Peke yako sebuleni hakuna wa kukunong'oneza.

Na isije mtu akasema soko halipo. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ikiitwa Doudou na Mama Wakwe Zake. Mkamwana wa Beijing na mama wakwe wawili, wanazozana kwa Kiswahili. Ni nani wa pwani hii asiyeijua hadithi ya mama mkwe? Ilipendwa hadi Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Azam TV nayo imewatia Waturuki Kiswahili, na jirani yangu anawajua masultani wa Istanbul kuliko anavyomjua diwani wake. Kabla ya hao wote kulikuwa na watu wa mabanda ya video: marehemu Lufufu huko Tanzania, na DJ Afro hapa Kenya, anayeipunguza sauti ya Mmarekani akaweka yake, akampa stelingi jina la mtaani, akamkejeli adui, akakwambia usiende chooni sasa hivi. Najua suala la haki miliki lipo, na sina hoja ya kulitetea. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja na kipaza sauti aliliona pengo ambalo kampuni zenye mabilioni mpaka leo zinalizunguka.

Kinachochekesha zaidi, intaneti yenyewe inaingilia hapa kwetu. SEACOM na TEAMS, nyaya za chini ya bahari zilizoanza kutumika mwaka 2009, zinatua Mombasa, kisha ndipo intaneti ikapanda bara. Picha nyingi zinazotazamwa kule Kileleshwa, Nairobi, zimekuja kwa njia ya bahari, na mlango mkubwa wa bahari hiyo ni sisi. Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilipokatika huko kusini, tuliujua umuhimu wake sote. Basi waya tumeupokea. Picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na picha ya Kihindi ya zamani ni saa tatu, fanya hesabu mwenyewe kama unatumia bando la simu. Yote hayo ili uone jambo lililochaguliwa na asiyejua kwamba wewe upo.

Kazi za Kenya zipo, sikatai. Netflix ilifika hapa Januari 2016, na ilichukua mpaka 2022 kupata tamthilia yake ya kwanza ya Kikenya. Showmax, programu nyingine ya aina hiyo, ilikuwa imetangulia kutoa yake kwa mwaka mmoja. Nilizitazama, na nilifurahi kusikia watu wanazungumza kama watu. Ila zimetungwa na jicho la Nairobi, kwa jumla. Mpwani akitokea kwenye tamthilia ya Nairobi, aghalabu ni mganga, au mlinzi anayesinzia, au msichana wa hotelini, na Kiswahili chake kimetiwa sukari mpaka kinanata. Sijawahi kumwona fundi wa dau, au mwalimu wa chuo, au dereva wa trela la bandarini mwenye matatizo yake ya kawaida na lafudhi isiyochekesha. Mwaka 2021 Mtanzania Amil Shivji aliipeleka kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, filamu yake ya Vuta N'Kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi, Unguja ya miaka ya hamsini, Kiswahili cha kwetu. Nimeitafuta kwenye programu zangu mbili. Nimepangiwa zinazofanana.

Ile picha ya shangazi tuliipata mwishowe. Mjukuu wake aliichimbua YouTube, nakala iliyorekodiwa kutoka televisheni fulani ya India, nembo imekaa pembeni, rangi zimefifia, na uso wa mama mjane umekuwa kama wa mtu aliyefunikwa na mvuke. Shangazi aliitazama yote bila kusimama. Ilipofika pahala fulani stelingi akaingia bustanini, mara akatoka, na shangazi akaketi wima. "Wamekata wimbo," akasema. Akauimba yeye, wote, kwa Kihindi asichokijua, huku picha imekwishasonga mbele kwenye ugomvi na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.

Wiki iliyofuata niliifuta ile programu ya pili. Kabla ya kukuachilia inakuuliza sababu: ni ghali? Huitumii? Umehamia kwingine? Mwisho kabisa pana sehemu ya sababu nyingine, na kisanduku cha kuandikia. Nikaandika jina la picha, mwaka wake, na jina la stelingi. Nikabonyeza. Ikaniletea safu ya vitu nitakavyovikosa nikiondoka, na cha kwanza kilikuwa ile ya Mumbai yenye bastola.