Vina vya Richard Wilbur si marembo

Wanaomkosoa Richard Wilbur, mshairi na mfasiri wa Marekani, wana shtaka moja: ni nadhifu mno. Randall Jarrell, mhakiki aliyeogopwa sana na washairi wa kizazi kile, alisema Wilbur hapitilizi kamwe, lakini pia hafiki mbali vya kutosha. Kauli hiyo imemganda mshairi huyu kama kupe. Naona inamwonea, na ushahidi wangu wa kwanza sitautoa katika mashairi yake mwenyewe. Nitautoa katika tafsiri zake za Molière, mwandishi Mfaransa wa tamthilia za vichekesho wa karne ya 17, kwa sababu humo ndimo kazi ya kina inapoonekana waziwazi.

Tafsiri yake ya tamthilia ya The Misanthrope ilitoka mwaka 1955, ya Tartuffe mwaka 1963. Katika Kifaransa ya kwanza ina mishororo 1,808 na ya pili 1,962, kila mshororo mizani 12 inayokatika katikati, 6 kwa 6. Msomaji aliyekulia na shairi letu la mizani 16 hahitaji maelezo marefu: ni ukwapi na utao, ila kina cha kati hakuna, na vina vya mwisho huenda viwili viwili.

Mfasiri mgeni wa kazi hii hutaka kubaki na mizani zote 12. Hapo ndipo anapoharibu. Shairi la Kiingereza la aina hii halitegemei hesabu ya silabi peke yake. Hutembea kwa mapigo ya mkazo. Mshororo wa mikazo 6 hupasuka vipande viwili, mitatu huku na mitatu kule, na baada ya kurasa mbili mwigizaji anasikika kama mtu anayepanda ngazi na gunia mgongoni. Wilbur alichagua mizani 10 zenye mikazo 5. Maana yake alikubali kupoteza mizani 2 katika kila mshororo, karibu 4,000 katika Tartuffe nzima, huku akijitahidi kwenda sambamba na Molière mshororo kwa mshororo. Iliwezekana kwa kuwa Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja. (Jaribu kufanya vivyo hivyo kwa Kiswahili, ambako kitenzi kimoja chenye viambishi vyake humeza mizani 6 kabla hujasema lolote!)

Vina ndivyo vigumu zaidi. Maneno yetu huishia na irabu, kwa hiyo kina cha -wa au -ni hupatikana kwa kunyoosha mkono tu. Maneno ya Kiingereza huishia kila namna, na mengine hayana mwenzi kabisa. Mfasiri aliyebanwa hupindua mpangilio wa sentensi ili neno la kina liangukie mwishoni, au huchomeka maneno matupu ya kujazia, au hupata kina kwanza kisha huikunja maana ikifuate. Masikio ya ukumbini hugundua yote matatu. Jozi za Wilbur hupita mtihani mmoja mgumu: sentensi ile ile, ukiiondoa kwenye shairi, mtu angeweza kuitamka mezani bila kuchekwa. Kuna sharti moja la Kifaransa alilolitupa, lile la kupishanisha jozi zinazoishia na e hafifu na zisizo nayo. Alifanya vema. Kina cha silabi mbili katika Kiingereza hunuka mzaha, na kukileta kila baada ya jozi kungefanya hata hasira ya Alceste, mhusika mkuu wa The Misanthrope, ionekane kichekesho.

Kwa nini basi asitafsiri kwa nathari akapumzika? Kwa sababu wahusika wa Molière hujirudia. Husema jambo, hulisema tena kwa kinyume chake, kisha huliongezea mfano. Kwa nathari hayo ni maneno mengi. Ndani ya jozi ya vina, mshororo wa pili unakuwa jibu la wa kwanza. Wilbur alitoa hoja ya namna hii katika utangulizi wake wa The Misanthrope, na sijaona aliyeipangua. Tazama Tartuffe, tendo la kwanza, onyesho la nne. Dorine, mtumishi wa nyumba, anamweleza bwana wake Orgon jinsi mkewe Orgon alivyougua. Orgon, aliyepumbazwa na Tartuffe, mnafiki anayejifanya mcha Mungu, anauliza mara nne, na Tartuffe je? Kila anapoambiwa kwamba Tartuffe amekula akashiba na kulala fofofo, anajibu, maskini! Swali na jibu hilo ni vipande vya mishororo iliyogawanywa kati ya wasemaji wawili. Orgon anapodakia, anakamilisha mizani iliyoanzishwa na mwenzake, na kicheko kinatoka kwenye kule kudakia. Ondoa mizani, ubakiwe na mzee msahaulifu.

Kwa Racine, mwandishi Mfaransa wa tanzia, simtetei sana. Andromache (1982) na Phaedra (1986) ni kazi safi, lakini jozi za vina katika Kiingereza zina historia ya kejeli tangu enzi za mshairi Mwingereza Alexander Pope, na Phèdre, mhusika mkuu wa Phaedra, anapoungua kwa mapenzi, kina kinamletea makali ya ucheshi asiyoyahitaji. Nguvu ya Racine ni muziki wa msamiati mdogo, nao hauvuki bahari kwa urahisi.

Sasa shtaka la unadhifu. Wilbur alizaliwa New York mwaka 1921, akasoma Chuo cha Amherst, akaenda Vita vya Pili vya Dunia. Alishukiwa kuwa na siasa za mrengo wa kushoto akaondolewa kwenye mafunzo ya maandishi ya siri, kisha akajikuta na Divisheni ya 36 ya jeshi la Marekani huko Cassino na Anzio. Mwenyewe alisema hapo ndipo alipoanza kuandika mashairi kwa dhati, dunia ilipokuwa imevurugika na kuhitaji kupangwa. Kwa hiyo mpangilio wake ulianzia kwenye matope ya Italia, si sebuleni. Diwani yake Things of This World ilitoka mwaka 1956, mwaka ule ule wa Howl ya Allen Ginsberg, mshairi mwasi wa Marekani, ikapata tuzo ya Pulitzer. Ya pili aliipata mwaka 1989.

Wala hakuwa mtu wa bahari moja. “Junk”, shairi kuhusu shoka bovu lililotupwa kwenye pipa la taka la jirani, limejengwa kwa kanuni ya Kiingereza cha kale: mshororo umekatwa vipande viwili, mikazo ni minne, na kwa kawaida mitatu huanza kwa sauti moja. Analalamikia kazi ya ovyo kwa umbo lisilomruhusu fundi kulipua kazi. “Thyme Flowering among Rocks” lina beti za mizani 5, 7 na 5, nalo linatiwa vina juu yake.

Shairi ninalowapa wanaodai hafiki mbali ni “A Barred Owl”, mishororo 12, vina viwili viwili kama wimbo wa watoto. Bundi analia usiku, mtoto anaamka kwa hofu, wazazi wanamwambia ndege anauliza tu nani anakupikia. Mtoto analala. Mishororo inaendelea kwa upole ule ule mpaka kwenye tawi lenye giza, ambako kitu kidogo kimebebwa kwenye ukucha, na neno la kina cha mwisho ni “mbichi”.