Clairette si shampeni ya maskini

Kila nikimwekea mgeni chupa ya Clairette de Die, mvinyo mtamu wenye povu, mezani, swali ni lile lile: "Hii ndiyo ile shampeni ya bei nafuu?" Hapana, na siku hizi sifichi kwamba swali lenyewe linaniudhi.

Die ni mji mdogo wa kusini-mashariki mwa Ufaransa, kando ya mto Drôme, chini ya mlima Glandasse uliosimama wima kama ukuta. Watu wake hawafiki elfu tano. Pita kwenye lango la Saint-Marcel uinue macho: hilo ni tao la Kirumi lililomezwa na ngome ya baadaye, na waashi wa ngome hiyo walijengea mawe yoyote waliyoyakuta, hata ya makaburini, maandishi yakiwa bado juu yake. Plinio Mzee, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliutaja mvinyo mtamu wa Wavocontii, wenyeji wa huko. Habari ya povu hakuitaja, lakini wauzaji hawakosi kulitumia jina lake. Kila mwamba ngozi huvutia kwake.

Tofauti kubwa iko chupani. Shampeni ni mvinyo uliokwisha kuchachuka, kisha ukatiwa sukari na chachu ili uchachuke mara ya pili. Clairette haiongezwi sukari. Maji ya zabibu huchachuka taratibu kwenye baridi, hutiwa chupani utamu wake ungali haujaisha, na humo humo yanaendelea na kazi yake. Ndiyo maana kilevi ni kidogo, asilimia 7 hadi 9 hivi, na ukiisogeza glasi puani unanusa waridi na zabibu mbichi kabla hata hujaonja.

Jina ndilo kichekesho. Walau robo tatu ya Clairette ni zabibu za Muscat. Zabibu iitwayo clairette imejaa zaidi kwenye Crémant de Die, mvinyo mkavu, yaani usio mtamu, ambao jina lake lilipewa ulinzi wa kisheria mwaka 1993 na unaotengenezwa kwa njia ile ile ya shampeni. Clairette yenyewe ilipata ulinzi huo tangu 1942.

Wajuzi wengine huubeza utamu wake, eti ni kinywaji cha kitoto. Waache. Mimi nainywa ikiwa changa, baridi sana, na kipande cha keki ya matunda pembeni. Ila usinitilie barafu kwenye glasi, tutakosana.