Mlembe huitika wito wa kwao

Rafiki yangu mmoja hucheka kila akisikia mhadhiri wa chuo kikuu kapewa fedha za kumfuata ndege porini. "Si angewauliza wenyeji tu?" Mimi wahadhiri hao nawatetea, ila kwa sharti moja: wenyeji wawe wameulizwa kwanza.

Mchukue mlembe, yule ndege mdogo wa kahawia mwenye weupe pembeni mwa mkia. Anakujia akipiga kelele, anarukia mti wa mbele, anakungoja, hivyo hivyo hadi kwenye nyuki. Wewe unarina asali, yeye anakula nta na majana, yaani watoto wa nyuki. Warina asali wanayajua haya tangu enzi. Lakini mwaka 1989 mtafiti Mkenya Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha vipimo walivyochukua kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya: katika eneo geni, kutafuta kiota kimoja cha nyuki bila ndege kulichukua wastani wa saa 8.9, mlembe akiongoza, saa 3.2. Ubishi ukaisha.

Matokeo ya utafiti wa mwaka 2023 ndiyo yaliyonikosha. Wahadzabe wa vilima vya Kidero, hapa Tanzania, humwita mlembe kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, hutetemesha ulimi kisha wakaguna: "brrr-hm". Watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood wakazipiga sauti zote mbili kwa spika, huku na huku. Mlembe wa Kidero aliitika mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara 3 kuliko wito wa Kiyao. Wa Niassa naye aliupendelea wa Kiyao, karibu mara 2. Yaani hata ndege ana kwao!

Halafu kuna suala la malipo. Wayao humwekea nta yake juu ya majani. Wahadzabe mara nyingi huichoma au kuifukia, abaki na njaa awaongoze tena. Nasi tuliokua tukiambiwa ukimnyima atakupeleka kwa simba, tuseme nini? Jambo hilo hulipati ofisini, unalipata ukikaa na mrina asali mpaka moto uzime.

Kinachoniudhi huja baadaye. Mara nyingi matokeo hutoka kwa Kiingereza, na mzee aliyeonyesha njia hayaoni. Hapo wasomi wengi hufukia nta. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, ubandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji, ungetosha kuanzia.